Paka Wawili na Winda Moja

Mimi si mtu wa paka. Nalisema hili mapema ili anayesoma asinidhanie huruma ambayo sina. Katika nyumba zetu za Mji Mkongwe paka hawafugwi, wapo tu. Wanaingia kwa mlango wa uwani, wanakula vichwa vya samaki, wanalala kwenye ngazi pale pale unapotaka kupita na ndoo ya maji. Nimewafukuza kwa ufagio mara nyingi kuliko nilivyowalisha. Mwenye paka ni mama mkwe wangu, anayekaa chini. Mimi na mume wangu tunakaa juu. Mama mkwe akirudi sokoni Darajani na samaki, anajua nani wa kupewa kichwa na nani wa kupewa matumbo, na wao wanaijua sauti ya viatu vyake tangu kichochoroni.

Mwaka ule wa masika makali waliozoea uwani kwetu walikuwa majike mawili: mmoja mweupe, mdogo, mwembamba, na mwingine wa kijivu, mkubwa, mwenye sikio lililochanika. Wa kijivu ndiye aliyezaa kwanza. Alizaa wanne nyuma ya magunia ya mkaa chini ya ngazi. Mvua ikanyesha mchana kutwa, maji yakajaa uwani, na tulipokumbuka kutazama hakukuwa na aliye hai. Mama mkwe aliwatoa mmoja mmoja kwa vipande vya gazeti. Mama yao akawa anamfuata nyuma, matiti yamejaa, analia. Mimi nilikuwa juu nashona kofia, na sauti ile ikaniudhi mpaka nikajidunga sindano. Nikafunga dirisha.

Siku mbili baadaye akazaa yule mweupe. Ilikuwa mara yake ya kwanza, na alizaa mmoja tu, ndani ya kapu la nguo chafu la mama mkwe. Mtoto mwenyewe alikuwa wa rangi ya chai ya maziwa, mkia mweusi, macho yamefumba, anaenea kiganjani na nafasi ikabaki. Nilishuka kumtazama kwa sababu mama mkwe aliniita, si kwa sababu nilitaka.

Kufika adhuhuri alikuwa ameshaibiwa. Mweupe alitoka kidogo tu kwenda kula, na wa kijivu akaingia kapuni, akamshika mtoto shingoni kwa meno, akenda naye nyuma ya magunia, akalala, akamnyonyesha. Mweupe aliporudi alilizunguka kapu mara tatu, akasikiliza, akenda moja kwa moja mpaka kwenye magunia na kumrudisha mtoto wake. Kabla ya alasiri wa kijivu alikwisha kumchukua tena. Mama mkwe alikuwa amekaa juu ya mbuzi anakuna nazi, akacheka mpaka akaacha kukuna.

"Watazame wake wenza hao!" akasema. "Bado mume tu kuja kuamua."

"Mama, watamuumiza."

"Waache, mwanangu. Paka huleana. Watavutana wee, kisha watalala pamoja."

Na kweli, kabla ya magharibi niliwakuta wote wawili kapuni, migongo imegusana, mtoto katikati, ananyonya kwa huyu kisha anatambaa kwa yule. Lau ningetosheka na nililoliona jioni ile, nisingekuwa na la kuandika leo.

Siku ya tatu mama mkwe alikwenda hitimani, mtaa wa pili. Mimi nilikuwa namalizia ukingo wa kofia niliposikia mlio mwembamba, mkali, haukatiki. Nikateremka miguu mitupu. Niliwakuta katikati ya uwani, mweupe kamshika mtoto shingoni, wa kijivu kamshika mguu wa nyuma, wote wawili wamejivuta nyuma na hakuna anayeachia. Niliwapiga kwa ufagio, mmoja baada ya mwingine, kwa hasira ambayo haikuwa yao peke yao. Wakaachia. Nikamwokota mtoto. Shingoni alikuwa na jeraha, damu kidogo, na moyo wake ulikuwa ukipiga kwenye vidole vyangu. Nikapanda naye juu nikafunga mlango kwa komeo.

Hapa inanibidi niseme jambo ambalo nyumbani kwetu hatulisemi. Miaka sita kabla ya siku ile nilizaa mtoto wa kiume, akaishi siku moja na nusu. Nguo zake zilikuwa tayari: vikanzu, kofia ndogo niliyoishona mwenyewe, mawinda sita, nepi za kitambaa laini. Hakuvaa hata moja nje ya hospitali. Siku ya tatu maziwa yalikuja vile vile, kama kwamba hayakuambiwa. Mama mkwe ndiye aliyenifunga kanga kifuani, akaikaza, huku machozi yanamtoka kimya kimya. Baada ya hapo nguo zikaingia kwenye kasha, na watu wakaona haya kuniuliza. Mume wangu pia.

Nilifungua kasha nikatoa winda moja. Nilijiambia ni kwa sababu ni laini. Uongo mtupu, matambara laini nilikuwa nayo tele kwenye kikapu changu cha kushonea.

Nikamsafisha jeraha, nikamviringisha winda, nikamweka ndani ya boksi la viatu, nikatoka mbio mpaka duka la dawa. Nikaomba maziwa ya unga ya watoto na bomba dogo la sindano. Muuzaji, mwanamke wa makamo mwenye miwani, akaniuliza mtoto ana umri gani.

"Siku tatu," nikasema.

"Na maziwa yako hayatoki?"

Ningeweza kusema ni paka. Neno moja tu, tungecheka sote wawili. Lakini mdomo wangu ukasema, "Hayatoki."

Akanieleza namna ya kuyachanganya, taratibu, kama anavyoelezwa mzazi. Niliposhika mlango akanambia, "Hongera, dada. Mungu akukuzie."

Nikaitikia amin. Nilikwenda na ile hongera njia nzima mpaka nyumbani, nimeishika kuliko nilivyoshika mfuko wa maziwa. Hakuna aliyewahi kunipa hongera. Mwanangu alipozaliwa alikuwa mgonjwa, na watu walisubiri apone kwanza.

Sasa sikiliza nilichofanya, maana hapa ndipo nilipoharibu. Huku kwetu mzazi na mtoto wake hukaa ndani siku arubaini, na kila siku huletewa chetezo chenye makaa na udi. Nguo za mtoto hutandazwa juu ya tenga, moshi ukapenya kila uzi, na mtoto huvishwa zikiwa bado na joto. Ni heshima, ni usafi, na ni kinga. Nikatia makaa. Nikatoa udi wa sikukuu, si ule wa kila siku. Nikalifukiza winda, nikalifukiza boksi, nikampitisha na yeye mwenyewe juu ya moshi, mara moja, haraka, asikohoe. Kisha nikachovya kidole kwenye wanja nikamtia doa katikati ya macho yaliyofumba, asipatwe na jicho. Nilijua fika kuwa ni paka, sikuwa nimerukwa na akili. Nilikuwa nafurahi tu, na nilikuwa sijafurahi muda mrefu. Akanyonya matone matano kwenye bomba, akalala.

Mama mkwe aliporudi aliwakuta paka wawili wamekaa nje ya mlango wangu. Akapiga hodi, nikamfungulia. Aliinama juu ya boksi, na nikamwona analitambua lile winda, kwa sababu yeye ndiye aliyelipinda kingo. Akagusa doa la wanja kwa ncha ya kidole.

"Mrudishe kwa mama yake, mwanangu."

"Mama yake yupi? Hao waliotaka kumchana?"

"Yeyote mwenye maziwa."

"Maziwa ninayo, nimenunua."

"Ya paka hayanunuliwi."

Hapo nikapandwa. "Wewe una watoto watano," nikamwambia, "utajua nini?"

Nilimwambia hayo yule yule aliyenifunga kifua kwa mikono yake. Alishuka ngazi polepole, ameshika ukuta, na mimi nikafunga mlango tena. Mpaka leo neno lile likinijia nikiwa naosha vyombo, huacha nikasimama.

Asubuhi ya pili mtoto hakunyonya. Maziwa yalimtoka puani. Tumbo lilikuwa gumu, miguu imepoa, na ile sauti yake iliyokuwa ikiudhi sasa ilikuwa haisikiki mpaka umsogeze sikioni. Nje ya mlango mama zake walikuwa wanalia tangu alfajiri, wanakwaruza mbao. Nilijaribu tena na bomba. Nikajaribu kumtia kifuani, ndani ya nguo. Karibu na adhuhuri nikaondoa komeo.

Nilimweka sakafuni na winda lake. Mweupe aliingia mbio, mkia juu, akitoa sauti ile ya kumwita. Hatua moja kabla ya kumfikia akasimama. Akanusa. Masikio yakalala nyuma, akamtolea mlio wa hasira kama aliyekutana na nyoka, akarudi kinyumenyume. Wa kijivu naye akaja, akanusa winda, akapiga chafya, akageuka, akashuka ngazi. Mtoto alikuwa amelisikia joto lao. Alinyanyua kichwa kinachotikisika, akatambaa kuelekea mahali ambapo hapakuwa na mtu tena.

Jana walikuwa tayari kumgawa vipande, leo hakuna anayemtaka.

"Mama!" nikaita. "Mama!"

"Naam!"

Alikuja. Baada ya niliyomwambia, alikuja, anahema, na unga wa ngano mikononi. Nikamweleza. Akaliinua winda, akalinusa, akalirudisha.

"Ni udi, mwanangu. Umemtia harufu ya watu. Watamjuaje?"

Tukamvua. Mama mkwe akamfuta kwa kitambaa chenye maji ya uvuguvugu, akamkausha, akanituma niteremke nilete nguo kutoka kwenye kapu walipokuwa wakilala. Akamsugua nayo mwili mzima, mgongo, tumbo, chini ya mkia, bila kuona karaha, huku akisema naye kwa sauti ya chini. Kisha akaenda mwenyewe kumleta yule mweupe, amemkumbatia, na kumlaza ubavuni mwa mtoto.

Safari hii alimnusa muda mrefu. Akamlamba mara moja, akasita, akamlamba tena. Wa kijivu akasimama mlangoni, kisha naye akasogea, na hakuna aliyemzuia. Chuchu zilikuwa zimejaa pande zote mbili. Mama mkwe alimfunua mtoto mdomo akamwekea ya mweupe, akamwekea ya kijivu. Hakuvuta. Alikufa kabla ya adhana ya alasiri, na wao wakaendelea kumlamba, mmoja huku, mmoja kule, kama kwamba kuna kazi bado.

Tulikuwa mama watatu. Wawili walimvuta kwa meno, na bado wangelimkuza, maana walikwisha kuanza kupatana. Aliyemuua ni wa tatu, mwenye komeo, mwenye chetezo na wanja. Sijifichi kwa kusema sikujua. Niliambiwa, nikatukana.

Nikamwomba mama mkwe radhi pale pale sakafuni. Akasema, "Nshakusamehe zamani," akanipangusa uso kwa mkono wenye unga.

Mume wangu aliporudi kazini alinikuta nimeshamviringisha mtoto kwenye kitambaa cheupe cha kushonea kofia. Uwani kwetu ni saruji, hakuna pa kuchimba. Mama mkwe ana kipande cha shamba Bububu, kuna minazi michache na udongo laini. Mume wangu akanyoosha mkono.

"Nipe," akasema. "Nitakwenda kumfukia mimi. Wewe pumzika."

Maneno yale nilikuwa nimeyasikia. Alinambia hayo hayo hospitali, sauti hiyo hiyo, mkono umenyooshwa hivyo hivyo. Kwetu wanaume ndio wanaokwenda makaburini. Mwanangu alibebwa na wanaume, akazikwa na wanaume, na mimi nikabaki kitandani natazama dari mpaka nikaambiwa wameshamhifadhi. Sikuuliza ni wapi, upande gani, nani aliingia kaburini kumpokea. Yeye naye hakusema. Tumeishi miaka sita tunalizunguka jambo hilo kama watu wanaozunguka kisima kisicho na mfuniko.

"Nakwenda na mimi," nikasema.

Alitaka kusema kitu. Mama yake akamtazama, naye akaushusha mkono.

Tulikwenda kwa vespa, mtoto mapajani mwangu. Shambani mume wangu alipiga jembe mara tatu, akalifanya shimo la kiasi cha paka, akasimama. Nikamwomba jembe, akanipa. Udongo ulikuwa umelowa na mvua, unakatika vizuri. Nilichimba kidogo, nikajikuta nauliza bila kumtazama:

"La mwanetu lilikuwa na kina gani?"

Nikanyanyua uso. Alikuwa analia, mdomo wazi, bila sauti, mtu ambaye sijawahi kumwona akilia tangu tuoane. Akainama, akaweka kiganja juu kidogo ya goti lake.

"Mpaka hapa," akasema. "Nilisimama ndani yake. Mpaka hapa."

Nikaendelea kuchimba mpaka nikafika hapo.