Sindano Kabla ya Sinia

Nilimwuliza mpishi mara mbili. Ilikuwa ndoa ya mdogo wake mume wangu, nyumbani kwa wakwe zangu Ujiji, na masufuria ya pilau yalikuwa yamepaliwa makaa juu ya mifuniko. Mpishi, mama mmoja wa Mwandiga, akafunua, akaonja.

“Dada, imeiva. Dua ikiisha tu tunapakua.”

“Dua yenyewe inaisha lini?”

“Si hiyo wanamalizia?”

Binti yangu ana miaka saba na kisukari chake ni cha sindano. Kliniki wamenikaririsha: insulini yake ichomwe nusu saa kabla ya kula. Nikichelewa, sukari inapaa. Nikiwahi na chakula kisije, inashuka, na ikishuka sana mtoto anapoteza fahamu na anaweza asizinduke. Nikampeleka chumbani kwa mama mkwe, nikapima, nikamchoma tumboni. Mkoba nikauacha humo humo, na kipimo, na kichupa cha asali ninachotembea nacho kwa ajili ya dharura. Nilijua tunakula sasa hivi.

Dua ikaisha kweli. Masinia yakaanza kujazwa. Mwanangu akakaa mkekani na wenzake, amenawa mikono, anangoja. Hapo ndipo walipofika wageni wa Ilagala.

Boti yao ilikuwa imechelewa. Walikuwa wajomba wa bwana harusi, watu wazima, tena wametoka mbali, kwa hiyo wao kwanza. Masinia yetu yakapita juu ya vichwa vya watoto kwenda kwenye turubai la wanaume. Nikamfuata mama mkwe.

“Mama, mtoto ameshachomwa. Naomba sahani moja tu.”

“Wageni hawajatia tonge mdomoni, wewe unataka sahani? Subiri, yaja.”

“Hawezi kusubiri, mama.”

“Kwani mwenye njaa hapa ni yeye peke yake?” shangazi mmoja akadakia. “Nyie wasichana mnadekeza watoto mpaka mnatia aibu.”

Wanawake wakacheka. Nikaondoka kwenda kuchukua asali yangu. Mlango una kufuli. Zawadi zilikuwa zimeingizwa humo, wakafunga, na ufunguo alikuwa nao wifi yangu, kaenda mjini, Mwanga, kumfuata bibi harusi saluni. Sukari ya chai nayo humo humo. Nikalipiga lile kufuli kwa kiganja kama mjinga.

Niliporudi mkekani, mwanangu alikuwa hachezi tena. Jasho puani, jasho shingoni, mikono inatetemeka. Nikamwita, akanitazama kama hanijui. Mpishi akaona, akaja mbio na upawa wa pilau, tukamtia mdomoni. Hakutafuna. Wali ukamtoka tu.

Nikambeba nikaingia kwenye turubai la wanaume, kichwa wazi, mtandio sijui niliuangusha wapi. Baba mkubwa wa bwana harusi ndiyo kwanza amefunguliwa soda. Nikamnyang’anya.

“We mwanamke, una wazimu?”

“Ninao. Sogea.”

Nikapiga magoti katikati ya masinia yao, nikamnywesha kidogo kidogo, nyingine ikimwagikia gauni lake la sherehe. Hakuna aliyetia tonge. Kumbe wageni nao wanaweza kusubiri. Akameza. Akameza tena. Baadaye sana akakunja uso, akasema soda ni ya moto, nami nikalia kwa sauti mbele ya mashehe wote.

Mama mkwe hakuuliza mtoto anaendeleaje. Aliuliza nitaomba radhi lini. Nikamwambia siombi. Mume wangu akaomba kwa niaba yangu, na hilo sijalimaliza naye.

Lakini wao nitawamudu. Nisichokimudu ni hiki: tangu siku ile mwanangu hakubali sindano mpaka aone sahani. Anaibana blauzi yake kwa nguvu. “Chakula kiko wapi?” Nikimwambia kinatokota jikoni, haamini, na kwa nini aamini? Basi nikawa namchoma huku anakula, na sukari inapaa kila siku, usiku kucha anaamka kukojoa, mbavu zimeanza kuonekana. Kliniki wananigombeza: mama, si tulikwambia nusu saa kabla? Najua! Njooni mumwambie nyie.

Leo nimesonga ugali wa muhogo mapema, nimemwekea na kipande cha samaki, mgebuka. Ameutazama, ameugusa kwa kidole, halafu ndiyo akafunua tumbo. Nimemchoma. Sasa tumekaa tunangoja, ugali unapoa, na mimi nimeziba mlango kwa mgongo, maana akija mgeni saa hii nitaambiwa nimkaribishe. Mwanangu hali. Ameikumbatia sahani kwa mikono miwili, ananikodolea macho mimi, mama yake, nisije nikaichukua.