Koki Iliyogoma Nyumbani kwa Praxedes

Praxedes Gallego hakuwa mtu wa kuambiwa ahame. Kwa miaka thelathini na minne alishona sare za wanafunzi katika chumba cha mbele cha nyumba yake huko Jaro, mjini Iloilo, na cherehani ilipokwama aliifungua mwenyewe hadi ikanguruma tena. Mumewe Anselmo alipofariki, watu walimpa pole, kisha wakaanza kumpa ushauri. Ushauri ukazidi pole.

Aliyeshinda wote kwa ushauri alikuwa shemeji yake Eleuterio, kaka wa marehemu. Jumapili moja baada ya misa alikuja na karatasi za kuuza nyumba, akazitandaza mezani kando ya bakuli la supu ya tambi.

"Shemeji, nyumba hii imechoka. Nenda Bacolod ukakae na binti yako. Mwanamke peke yake ataiweza wapi?"

"Wewe mwenyewe paa lako linavuja tangu mvua za mwaka juzi," alisema Praxedes. "Kula, supu inapoa."

Eleuterio hakuwa amemeza kijiko cha tatu bomba la chini ya sinki lilipopasuka. Maji yaliruka hadi ukutani, yakateremka sakafuni yakielekea chumba cha mbele, kwenye vitambaa. Praxedes alitoka mbio hadi kwenye koki kuu, karibu na lango, akalishika gurudumu lake dogo na kulizungusha kulia. Halikusogea. Akalishika kwa mikono miwili. Wapi! Tangu Anselmo aifunge mara ya mwisho, miaka kumi na mmoja nyuma, hakuna aliyeigusa.

Eleuterio alimfuata na spana kubwa ya bomba, akachomeka kipande cha chuma kwenye mpini wake ili apate nguvu zaidi.

"Sogea, shemeji. Hii ni kazi ya wanaume."

"Usithubutu! Utaikata shingo, maji yatoke hapa badala ya kule, na hapa hakuna pa kuyafunga."

"Sasa utaibembeleza?"

"Ndiyo, nitaibembeleza. Cherehani iliyokwama haipigwi teke."

"Hii si cherehani, mama we!"

"Na wewe si fundi. Toka!"

Alirudi jikoni kwanza, akakata mpira wa ndani wa baiskeli, akaufunga kwa nguvu palipopasuka na kuukaza kwa waya. Maji yakapungua, ingawa hayakukoma. Akamtupia Eleuterio fagio.

"Kazi ya wanaume hiyo. Sukuma maji nje."

Kisha akapiga magoti langoni. Alitia mafuta ya cherehani kwenye shingo ya koki, akaigongagonga kidogo kwa mpini wa nyundo, akaivika kitambaa kilichochovywa maji ya moto. Nati iliyobana shingo aliilegeza kidogo tu, akaongeza mafuta. Halafu akajaribu, si kulia bali kushoto, kwa nguvu ya kufungulia kopo la jemu. Hakuna kitu. Akarudi kulia. Hakuna kitu. Mafuta tena, kitambaa tena.

Jirani yake Herminia alichungulia juu ya ukuta. "Shoga, mwite fundi kesho, uokoe mikono yako!"

"Kesho vitambaa vyangu vitakuwa vinaogelea."

Saa nzima ilipita. Malengelenge yalimtoka kiganjani, likapasuka moja, akalifunga kwa kipande cha sare na kuendelea. Eleuterio alisimama nyuma yake, suruali imelowa hadi magotini.

"Nyumba yenyewe inakufukuza, huoni?"

Praxedes hakugeuka. "Basi ije inifukuze yenyewe. Isitume mtu."

Ndipo alipohisi kitu, upana wa punje ya mchele. Gurudumu lilikubali kushoto. Akalirudisha kulia, likakubali na zaidi kidogo. Mbele, nyuma, mbele, kutu ikitoka na mafuta kama uji mwekundu, hadi likageuka mzunguko mzima, na mwingine, na mwingine. Jikoni sauti ya maji ikafifia, ikanyamaza.

Alikaa chini kwenye matope akahema. Machozi yakamtoka, nayo hayakuwa ya huzuni.

"Bado inadondosha pale shingoni," Eleuterio alisema.

Ilidondosha kweli. Praxedes akaikaza nati robo mzunguko, akaweka sufuria chini yake.

"Acha idondoshe. Imefunga."

Eleuterio alikusanya karatasi zake, zote zimelowa pembeni na hakuna iliyotiwa sahihi. Mlangoni alisema angerudi Jumapili nyingine na karatasi kavu.

"Karibu," Praxedes alijibu, akikamua kitambaa. "Njoo na viatu vya mvua pia. Na fagio lako mwenyewe, langu umelivunja."