Kidole Changu na Simu ya Mzee Njeru

Nikisikia mtu anatoka upande wa Ishiara, siku hizi naanza kuangalia viatu vyangu, maana huko sijulikani kwa jina wala kwa uzee wangu wa kanisa, najulikana kwa kidole. Aibu ni yangu, kwa hiyo naisimulia mwenyewe kabla hamjaletewa ikiwa imetiwa chumvi.

Marehemu ndugu yangu alituachia kijana mmoja, Mwenda, na Mwenda alipompata Wanja, binti wa Mbeere, huko Ishiara, ni mimi niliyepaswa kusimama kama baba. Ziara ya kwanza ilikwenda vizuri, ila babu yake Wanja, Mzee Njeru, hakusema ndiyo wala hapana. Alituonyesha tu simu yake nyeusi ya kuzungusha, ile aliyokuwa nayo dukani zamani, kisahani cha namba kimevunjwa na wajukuu, akasema angependa kuisikia tena ikifanya trrr kabla Mungu hajamwita. Basi mimi, ambaye hufungua redio na simu za zamani kwa sababu mikono yangu haijui kukaa, nikasema niachieni. Nani alinituma?

Niliwazungukia wauza vyuma chakavu wa Meru mjini mpaka wakiniona wanajifanya wamelala. Visahani vya plastiki vyote vilikuwa na nyufa. Mwishowe nikapata kimoja cha chuma, cha simu ya aina nyingine, nikapiga tupa tundu la katikati mpaka kikakaa, nikakaza skrubu. Matundu ya vidole yalikuwa membamba kidogo, sikatai, lakini alfajiri ile kwetu Kibirichia, baridi ikiuma, kidole changu kiliingia na kutoka, nikamshukuru Mungu, nikasema kazi imekwisha. (Ikumbukeni hiyo baridi.)

Siku ya mazungumzo ya mahari tukashuka Ishiara, simu ndani ya kiondo cha mke wangu. Joto la kule ni la kuivisha ndizi ukiwa umeishika. Tuliketishwa kwenye hema, wenyeji wakiwa bado ndani ya nyumba, na mimi nikaanza kuwaza, je, kama barabara imelegeza skrubu?

"Baba Kendi," mke wangu akasema, "hicho kiondo kiache."

"Naangalia tu."

"Hata Hawa aliangalia tu."

Nikaingiza mkono humo ndani, nikatafuta tundu la sifuri, nikasukuma kidole (kilikataa kidogo, nikakilazimisha), nikazungusha. Kisahani kikaenda hadi mwisho kikarudi, trrr, safi kabisa, na kidole changu kikarudi nacho. Nikavuta. Wapi! Joto lilikuwa limenivimbisha vidole tangu tulipotelemka, na kila nikivuta kinanenepa zaidi. Bisibisi niliiacha mezani Kibirichia. Nikatia mate. Wakati huohuo mlango ukafunguliwa, wazee wakatoka kwa mstari, Mzee Njeru mbele, mkono umenyooshwa.

Sasa mnajua, kwetu hakuna anayempa mzee mkono wa kushoto, sembuse siku ya kuomba msichana. Mimi nilimpa wa kushoto.

Aliutazama kana kwamba ni nyoka. "Watu wa Kibirichia husalimiana hivi?"

"Huu wa kulia una shida kidogo, mzee wangu," nikasema, na hata haukuwa uongo.

"Ameficha nini kwa kiondo?" shangazi yake Wanja akauliza kwa nguvu. "Tusije tukapeana msichana kwa watu hatuwajui!"

Mwenda aliniangalia kwa macho ya baba yake, nikatamani ardhi inimeze. Hapo ningesema ukweli tungecheka, tukamaliza. Lakini kiburi ni kiburi, hata kikivaa koti la kanisani.

"Basi atuombee," Mzee Njeru akasema bila kutabasamu. "Tuone kama na Mungu anapewa wa kushoto."

Nikasimama, nimekumbatia kiondo kama mtoto anayenyonya, nikaanza kuomba, na maombi yana mazoea yake: nilipofika "tunakuinulia mikono" mikono ikainuka yenyewe. Kiondo kikateleza. Simu ikabaki inaning'inia kidoleni mbele ya ukoo mzima, mkono wake wa kusikilizia ukachomoka, ukabembea kwa waya, ukanigonga goti. Neno lililonitoka kwa Kimeru halikuwa Amina.

Mzee Njeru akainama, akaushika ule mkono wa simu, akauweka sikioni.

"Halo? Halo?" Akasikiliza. Akawageukia watu. "Huyu mzee, ombi lake halijafika."

Shangazi aliketi chini kwa kicheko.

Wakanifunga kidole kitambaa cha maji baridi ya mtungi, na ili simu isinivute, Mzee Njeru akaipakata. Hivyo ndivyo mazungumzo yalivyokwenda, mimi msemaji nimefungwa kwenye mapaja ya mwenyeji kama mbuzi kwenye kigingi, hoja zangu kali zote zimenikauka. Kila nikijitingisha kisahani kinalia trrr.

"Tulia, mkwe," akaniambia. "Utaniharibia simu."

Mke wangu akanipiga kiwiko. Alikuwa amesema mkwe! Mwenda alikuwa analisubiri neno hilo tangu ziara ya kwanza, na lilipokuja mimi nilikuwa nawaza kidole.

Nadhani ndipo nilipoacha kuvuta. Tulipokuwa tukila, kikatoka chenyewe. Mzee Njeru akachukua kijiti, akazungusha sifuri, akasikiliza hadi kisahani kiliporudi mahali pake, kisha akazungusha tena. Halafu akanyoosha mkono.

"Bado hujanisalimia."

Nikampa wa kulia, umechubuka, akaubana sawasawa (makusudi, najua), akanitoza faini ya mbuzi kwa ule wa kushoto. Nilimpeleka mwenyewe, kwa furaha.

Harusi inakaribia, na kiondo nimekatazwa kukigusa. Nami nimeapa: kitu kinachokwenda kwenye joto nitakijaribia kwenye joto, na kwa penseli.