Mzee Agnelo na Matairi Yangu ya Winta

Jamani, leo nimeanikwa na matairi ya baiskeli.

Nilikuwa nayapeleka kwenye taka, yale ya winta yenye vimisumari vya kushika barafu. Nimeyaendesha winta tatu, nikajua yamekwisha.

Kwenye lifti nikamkuta Mzee Agnelo, Mgoa wa Kisumu, jirani yetu hapa Scarborough.

"Hebu lete."

Akapapasa vimisumari kwa kidole gumba, kimoja kimoja. Lifti ikafika chini, hatukushuka.

"Wewe breki ya mbele unaiogopa."

Kweli kabisa!

"Tairi la nyuma limelika, la mbele bado kali. Vimisumari hupachikwa vipya, bwana. Na lami ikiwa kavu, usifunge breki ghafla. Haya yana winta nyingine mbili."



Kisha kidole kikasimama.

"Hapa vinne vimeng'oka, vyote upande wa kushoto. Uliteleza. Uliumia?"

Haki ya Mungu, sikuwahi kumwambia mtu!

Nimeyarudisha matairi ndani, nimeyabeba kwa mikono miwili. Nyie mngemjibu nini mzee huyu?

Mke wangu, najua unasoma hapa. Ndiyo, lile goti sikujigonga kwenye ngazi.