Msomaji wa Takataka wa Pleven

Saa mbili asubuhi Zlatina Peneva anavua koti, anaweka kahawa kando ya kompyuta na kufungua takataka. Wenzake huanza na habari zilizochujwa, safi na za kupendeza. Yeye huanza na zile ambazo mashine ya kuchuja imezitupa.

"Nimepanga barua posta miaka kumi na tisa," anasema mama huyu wa miaka hamsini na tatu. "Barua isiyo na anwani hatukuitupa mpaka mtu ameitazama. Mkono umeshazoea."

Kazi yake katika ofisi hii ya ghorofa ya tatu mjini Pleven ni kufuatilia kinachosemwa mtandaoni kuhusu kampuni za wateja. Mteja mkubwa ni kiwanda cha kusindika mboga ambacho kimeomba tusikitaje. Jina lake ni pia jina la ua, la hoteli ya pwani na la kikundi cha ngoma cha mabibi. Kwa siku jina hilo hutajwa mara elfu mbili na mia tatu, na zinazohusu matango ya siki ambayo kiwanda huuza kwa chupa hazifiki mia mbili. Nyingine ni maua, vyumba, mabibi wanaocheza, na matapeli wanaouza dawa za kupunguza unene.

Kwa kazi hiyo hulipwa euro 850 kwa mwezi. Mwezi Septemba, hata hizo zilikuwa shakani. Ijumaa moja wakubwa wangekaa kuamua kama kiti chake kibaki au uchujaji wote uachiwe mashine.

Jumatano ya wiki hiyo alikutana na tangazo lenye jina hilo kwenye takataka: "Nagawa bure chupa kumi na nane za matango, tupu, zimeoshwa. Vifuniko sina." Chini yake jingine kama hilo. Kisha la tatu.

Zlatina akasahau kahawa yake. Septemba Pleven nzima inanuka pilipili hoho za kuchoma, kila ua wa nyumba una pipa linalochemshia chupa za akiba ya majira ya baridi, na chupa ya mdomo mpana haikopeshwi hata kwa dada. Nani anagawa chupa bure, tena bila vifuniko?

Akampigia simu mwenye tangazo, mama mmoja wa mji wa Lovech.

"Vifuniko vilivimba, mwanangu. Nikafungua, harufu yake usiseme. Matango nikamwaga."

"Ukalalamika kiwandani?"

"Nilalamike nini? Chupa nzuri kabisa hizi. Unakuja kuzichukua au unanipotezea muda?"

Ndivyo walivyo watu wetu: chakula kibovu kinamwagwa kimyakimya, chupa inatunzwa. Malalamiko hayakuandikwa popote ila ndani ya matangazo ya chupa tupu. Na matangazo ya chupa tupu yalikuwa yakitupwa kwa amri aliyoiweka Zlatina mwenyewe mwezi Juni, akapongezwa kwa kupunguza kelele za yasiyomhusu mteja. Mashine ilitii tu.

Anakiri kwamba aliogopa. Kisha akaenda kwa msimamizi wake, Kamen, kijana wa miaka ishirini na tisa.

"Shangazi, keshokutwa ndiyo Ijumaa," Kamen alimwambia. "Unataka uingie mle ndani useme umekosea wewe?"

"Nimsingizie nani sasa? Jirani yangu?"

"Ungesema mashine."

"Mashine haijawahi kuosha chupa, Kamen. Mimi nimeosha. Nilipaswa kujua."

Mchana huohuo kiwanda kiliarifiwa. Jumla yalipatikana matangazo kumi na moja, la kwanza likiwa na wiki tatu. Mtambo mmoja wa kuchemshia ulikuwa haufikishi joto la kuua vijidudu vyenye sumu, na matango ya juma zima yakaondolewa madukani. Ijumaa, Zlatina alieleza kosa lake mbele ya wakubwa bila kulipamba. Kiti kimebaki, na mkataba mpya unamtaka asome takataka kila asubuhi. "Nilichokuwa nikifanya kwa kuiba muda, sasa ni kazi," anasema akicheka kidogo.

Hata hivyo mtu akimpa hongera, hubadilisha mazungumzo. Kati ya wenye matangazo hayo kumi na moja, kumi wamepokea simu, na wote walimwaga. Wa kumi na moja ni mzee wa kijiji kimoja cha milimani, juu ya mji wa Teteven, aliyegawa chupa sita. Simu yake inaita tu. Kiwanda kimeandika barua, na kwa kiwanda hilo limekwisha.

Zlatina ana karatasi yenye jina la kijiji na saa ya basi, Jumamosi saa moja na nusu asubuhi. Ameweka na chupa sita ndani ya kikapu, za lyutenitsa, rojo nzito ya pilipili hoho na nyanya, aliyopika mwenyewe, kila moja na kifuniko kipya.

"Tangazo lake linasema chupa ni tupu," anasema, akikunja karatasi. "Halisemi kama alimwaga au alikula. Natumaini atanifungulia mlango, anifokee kwa kumsumbua, nirudi zangu nyumbani."