Kanga Niliyomtundikia Jirani

Sikusamehe, na sitaki kudanganya kwamba nilisamehe. Watu wa mtaa wetu wa kanga pale Kariakoo wakiniuliza, huwajibu kwamba yaliisha. Yaliisha kwa sababu nilishinda.

Fremu yangu ya duka niliachiwa na mama, pamoja na wateja wake: wanawake wa Magomeni, wa Ilala, wa Kigamboni, ambao aliwavalisha sare za harusi tangu mimi nalazwa juu ya marobota. Hao ndio urithi wenyewe, maana kanga zinauzwa kila mlango. Siku hizi hawaji kwa miguu, wanatuma meseji, nami nilikuwa nimewekewa wakala wa akili mnemba kwenye kompyuta ya dukani, awajibu wakati nahudumia waliosimama mbele yangu. Alikuwa na adabu kunishinda. "Karibu sana mpenzi, rangi hiyo ipo."

Kisha wateja wakaanza kunikimbia. Mwanamke mmoja wa Kigamboni, ambaye mama alimvika kanga ya kwanza ya ndoa yake, akaniambia bila kujua ananichoma: "Nilishanunua kwa jirani yako, mwanangu. Alinipigia hata kabla hujanijibu." Nikamlaumu wakala kwa uzembe. Nikamwonea bure.

Asubuhi moja wakala huyo akaandika kwenye kioo: kikao cha meseji kimekatika, nianzishe upya? Akanielekeza nifungue simu, niingie palipoandikwa vifaa vilivyounganishwa, niondoe cha zamani, kisha nielekeze kamera kwenye msimbo mpya atakaoutoa. Nikafungua. Vifaa vilikuwa viwili. Kimoja kompyuta yangu. Cha pili sikukijua, na kilikuwa hewani wakati ule ule.

Nikamwuliza wakala ni cha nani. Akasema hawezi kujua, ila mwenye kifaa hicho anasoma kila ninachosoma, na ni vizuri nikiondoe sasa hivi. Mimi sikuhitaji kuambiwa jina. Kwetu ukienda kuswali adhuhuri unamwambia jirani neno moja tu, "niangalizie," unamwachia duka, droo na simu, mteja akipiga apokee. Jirani yangu wa fremu ya kushoto, shoga yangu niliyefuturu naye sahani moja Ramadhani zote, ndiye peke yake aliyewahi kuishika simu yangu, na namba yake ya siri aliijua.

Nilitamani kwenda kumvua ushungi mbele za watu. Badala yake nikamwandikia wakala: subiri.

Nilikuwa na laini ambayo hakuna aliyeijua. Nikaitia kwenye simu ya zamani, nikajigeuza shangazi wa Magomeni, nikatuma meseji kwenye namba yangu mwenyewe ya duka: Binti yetu kanyang'anywa mume, mume anaoa Ijumaa ijayo, na ukoo mzima tunaenda hukohuko harusini na sare moja, kanga nyekundu iliyoandikwa "Mla cha mwenzie na chake huliwa." Mnayo? Nikajijibu kwamba haipo, nitaitafuta. Chai yangu ilikuwa haijapoa simu ya zamani ikalia.

"Shikamoo shangazi. Nasikia unatafuta kanga ya sare? Kwangu ipo, tena bei nzuri kuliko kwa jirani."

"Marahaba mwanangu," nikaandika, huku nikiuma meno.

Hakuwa nayo. Nilimwona akitoka mbio kwenda kwa wauzaji wa jumla, akarudi na mpagazi amebeba robota zima. Shangazi akamwomba atundike moja mlangoni, ndugu wakipita waione rangi. Akaitundika juu kabisa, maandishi yakitazama barabara. Hakuyatilia maanani hata kidogo. Ukiuza kanga muda mrefu huyaoni tena maneno, unaona rangi na pindo. Najua, maana nami ni hivyo hivyo.

Nikaenda kwa muuza kahawa, kwa mama wa vitumbua, kwa wapagazi, nikawasimulia kila kitu. Watu wakawa wanapita, wanainua macho, wanamtazama, wanacheka. Naye akacheka nao, akidhani biashara imechangamka. Kila asubuhi wakala aliniuliza kama aanzishe upya, na kila asubuhi nilimjibu subiri. Nilitaka nishibe kwanza.

Ijumaa ikafika, shangazi hakutokea. Nikamwandikia wakala: anzisha. Nikaondoa vifaa vyote, nikaelekeza kamera kwenye msimbo, kikao kikafunguka, meseji za wateja wa mama zikamiminika. Haukupita muda jirani akasimama mlangoni kwangu.

"Shoga, meseji zako zinaingia leo?"

"Zinaingia. Vipi, kwako hazionekani?"

Nikanyoosha kidole kwenye mlango wake. "Hebu nisomee ile kanga."

Akageuka. Nikaiona midomo yake ikitembea neno kwa neno, kisha mabega yakamwanguka. Mpagazi aliyembebea robota ndiye aliyemsomea, kwa sauti ya mtu anayenadi. Sijawahi kufurahi vile, Mungu anisamehe.

Nikaingia dukani kwake nikanunua doti moja ya kanga ile kwa bei aliyoitaja, wala sikuomba punguzo. Siku hizi adhuhuri ikifika nafunga mlango kwa kufuli, jambo ambalo mama hakuwahi kulifanya maisha yake yote, na hilo linaniuma. Lakini kila Ijumaa najifunga ile kanga, maandishi nyuma, napita mbele ya mlango wake polepole, mpaka niwe na hakika ameyasoma.