Baiskeli Moja Iliyobaki Kibandani

Habari ilinikuta mahali ambapo habari zote hunikuta: kitini, kikombe cha pili cha chai mkononi. Ijumaa asubuhi jirani alisimama mlangoni akasema fundi wetu wa baiskeli ametutoka. Malaria, siku tatu tu hospitalini. Kijana wa miaka thelathini na minne! Nyinyi mnaoisoma safu hii mnajua kwamba safari yangu ndefu ni ya kutoka kitini hadi getini, kwa hiyo marafiki zangu ni wale wenye subira ya kunifuata nyumbani. Yeye alikuwa nayo.

Alikuwa Msabato, mwana wa bonde la Lambwe kule Homa Bay, aliyefungua kibanda chake hapa Migori. Sheria yake ilikuwa moja: jua la Ijumaa lisitue huku kazi ya mtu imelala kwake. Wenye baiskeli za boda walilijua hilo, wakaja kuchukua zao mapema. Mimi nilikuwa nikipeleka yangu naisahau, basi Ijumaa alasiri nilimwona akiisukuma hadi kwangu, ameshanawa mikono, kisha anarudi kwa miguu. "Mzee wa nyumba," aliniambia siku moja, "hii baiskeli haina kosa, inaoza kwa kukaa. Njoo Lambwe, mama akuchinjie kuku." Nikamwambia naogopa mbung'o wa huko na malale yao. Alicheka mpaka akaegemea geti. "Mbung'o wa kwetu hufuata kinachotembea. Wewe watadhani ni kisiki!"

Miaka mitano alinialika, miaka mitano sikukosa sababu. Nikafika Lambwe Jumapili ya mazishi, na kweli hakuna mbung'o aliyenigusa. Nilitarajia kilio, nikakuta kwaya inaimba kama watu wa harusi. Mjomba wake akasimama, akauliza lililokuwa moyoni mwa wengi: "Mungu gani huyu anachukua mwaminifu, anatuachia walevi?" Sauti ikamjibu kutoka nyuma, "Anangoja uache pombe, mjomba!" Hata yeye akacheka.

Kisha mama mzazi akaniita. "Wewe ndiye yule wa mbung'o?" Nikakiri. Akanishika mkono akitabasamu, akaniita mtoto wake kwa Kijaluo. "Niambie kweli, nyathina. Mwanangu aliziheshimu Ijumaa zake zote. Kuna kazi ya mtu aliyoiacha?" Nikaona jibu langu ndilo litakalompa usingizi au kumnyima. Nami nilijua, maana ile Ijumaa ya msiba mimi na jirani tulifungua kibanda turudishe vya watu. Tulikuta baiskeli moja, magurudumu juu, haina mnyororo. Niliipeleka Jumapili iliyotangulia, akaugua kabla ya kuimaliza.

"Moja, mama," nikasema. "Ni yangu."

Mabega yakaanza kumtikisika kwa kicheko. "Basi hakuacha kitu. Hiyo hata ingepona, ingekwenda wapi?"

Swali la mjomba sina jibu lake, na sitajifanya mchungaji. Ila tunapenda kupima baraka kwa wingi wa miaka. Yule mzee wa Maandiko aliishi karibu miaka elfu, na hatuambiwi hata mara moja kwamba alimsukumia jirani chombo chake hadi nyumbani. Bwana wetu mwenyewe hakuota mvi, lakini kazi aliyotumwa aliimaliza. Aliyezoea kumaliza kabla ya machweo hashtuki jua likitua mapema. Hunawa mikono, akalala, akingoja kuamshwa.

Ijumaa iliyofuata nilifunga ule mnyororo mwenyewe, grisi hadi kwenye viwiko, nikapanda kwenda kumwona rafiki mgonjwa niliyemwahidi tangu mvua za mwaka jana. Nilifika nikihema kama ng'ombe wa jembe. Akainuka kitandani kwa hofu. "Wewe? Nani amekufa?"

"Fundi wa baiskeli," nikasema. "Ndiyo maana nimekuja wewe ukiwa hai."

Akaagiza kuku achinjwe. Mkialikwa, wasomaji wangu, nendeni. Kuku wa Lambwe nilimla mazishini, aliyenialika akiwa hayupo.